Sura ya Saba: Chupa Mbili Nyeupe

Mzee Paulo Mkoba alikuwa amebakiza siku mbili. Jumatatu asubuhi angepakiwa kwenye gari la polisi kwenda mahakamani, na huko hakuna ambaye angemuuliza kama amekunywa chai. Watu wanne wa kijiji cha Kibungulo walikuwa wamekufa kwa kuhara damu, wote wanywaji wa kijito kimoja kiteremkacho Uluguru na kupita ubavuni mwa kambi ya Shamba la Mkonge la Mlengule. Maji ya vyoo vya kambi yalisafishwa kwenye birika la mawe kabla ya kuingia kijitoni, na mlinzi wa birika hilo, kwa miaka tisa, alikuwa Paulo.

Jalada lilikwisha kufungwa, na kamba juu yake. Sajini Lukasi Mkude aliomba siku mbili za kulifungua tena. Bwana mkubwa wa polisi akampa moja, pamoja na ukumbusho kwamba pensheni huliwa na wenye utii.

Ndiyo maana Jumamosi ile, tarehe ishirini na moja Machi mwaka 1953, saa mbili asubuhi, Sajini alikuwa amesimama ndani ya maabara ya maji ya Mlengule, chumba kisichozidi banda la mbuzi wa tajiri, akimtazama Yunusi Kapalata akipangusa miwani iliyofungwa kwa uzi. Yunusi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo, mpima maji wa shamba. Kwa desturi Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na utani hauzuiwi na sare.

"Karibu mtani," Yunusi alisema. "Nilisikia harufu ya viazi nikajua Mluguru ameshuka mlimani."

"Na mimi niliona mtu amekaa mbali na kwao bila sababu, nikajua Mnyamwezi. Mlibeba pembe mpaka pwani, kurudi mkasahau njia."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha chenyewe kama mshumaa wa sadaka. Watu wanne si mchezo. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

"Nieleze tena kesi ilivyo," Sajini alisema. "Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Hiyo haitanipa taabu, Afande." Yunusi akaacha mzaha. "Ndani ya birika mna mawe tu, na juu yake bomba linalozunguka likinyunyiza maji ya vyoo. Ukitazama utasema mawe ndiyo yanayochuja. Sivyo. Mawe yana ukoga, utelezi ule wa kahawia. Ukoga huo ni hai. Ni vijidudu maelfu kwa maelfu, vinakula uchafu, vinavuta hewa. Maji yanaingia yananuka, yanatoka hayana neno. Ukiua ukoga, una rundo la kokoto, basi."

"Na uliuawa."

"Kwa lisoli, dawa ile ya kudekia wodi. Debe tupu limekutwa kwenye stoo ya Mzee Paulo. Wanasema alimwaga Jumatatu tarehe mbili Machi, siku moja baada ya kurudi kutoka msibani."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa wa kesi. Paulo alikuwa Matombo tangu tarehe tisa Februari. Mjomba wake alikufa, na kwa Waluguru mtu hamziki mjomba wake akabaki anahesabu siku za ruhusa. Paulo ndiye aliyechaguliwa kurithi jina, na jina halirithiwi kwa haraka. Alirudi Jumapili, tarehe mosi Machi. Ikiwa mawe yalikufa Februari, Paulo hana kosa. Ikiwa yalikufa Machi, ana la kujibu kwa roho nne. Na kilichosema mawe yalikuwa hai Februari yote kilikuwa daftari moja tu, lile lililokuwa mezani kwa Yunusi.

"Lifungue," Sajini alisema.

Kila Alhamisi Bwana Afya wa shamba, Hatibu Semkiwa, aliteka maji yatokayo birikani, akaleta chupa mbili. Ya kwanza Yunusi aliichanganya na maji mengine yenye hewa tele, akaifungia gizani siku tano ndani ya friji la mafuta ya taa, joto lile lile usiku na mchana. Siku ya tano alipima hewa iliyosalia. Maji yakiwa na uchafu, vijidudu hula, na vikila huvuta hewa; hewa iliyopotea ndiyo kipimo cha uchafu. Chupa ya pili ilitiwa dawa mbili pale pale ilipotekwa, ili kuikamata hewa iliyomo saa ile ile isitoroke njiani. Pakiwa na hewa, dawa hugeuka kahawia. Pasipokuwa na hewa, hubaki nyeupe.

Sajini aliweka kidole chini ya mistari minne, akasoma polepole kama padri asomaye majina ya marehemu. Tarehe kumi na mbili Februari: hewa iliyopotea kidogo, chupa ya pili kahawia. Tarehe kumi na tisa: hewa iliyopotea karibu hakuna, chupa ya pili nyeupe. Tarehe ishirini na sita: vivyo hivyo, nyeupe. Tarehe tano Machi: hewa yote imeliwa; nyeupe.

Juu ya zile nyeupe mbili za Februari palikuwa na penseli nyekundu ya Meneja wa shamba. *Dawa imekufa nguvu. Isihesabiwe.*

"Ilikuwa imekufa?"

Yunusi aliitazama rafu ya dawa. Dawa zile alizichanganya yeye. Zikiwa mbovu, kibarua chake kilikuwa kimesimama kwa mguu mmoja.

"Bwana Meneja alisema hivyo."

"Sikukuuliza Meneja alisema nini. Zipo bado?"

"Zile zile. Chupa haijaisha."

"Zijaribu mbele yangu."

Yunusi alijaza chupa kwa maji ya bomba mpaka yakafurika, akazamisha mrija wa kioo, akatia dawa ya kwanza, kisha ya pili, akaziba kwa kizibo cha kioo bila kuacha hata tone la hewa juu, akaipindua mara kadhaa. Ndani yake kukatokea wingu, kahawia kama chai ya maziwa ya mkahawani. Akashusha pumzi ambayo pengine alikuwa ameishika tangu Meneja achukue penseli.

"Dawa nzima," alisema.

"Basi chupa zilisema kweli. Yale maji hayakuwa na hewa." Sajini akageuza daftari. "Sasa nisaidie. Tarehe tano Machi, machafu, hayana hewa. Hilo naelewa, uchafu umeila. Lakini hizi mbili za Februari ni safi kuliko maji yote uliyoandika mwaka mzima, na hazina hewa. Maji yaliyonyunyizwa juu ya mawe kama mvua yalipaswa kujaa hewa."

"Hayawezekani hayo, Afande."

"Umeyaandika wewe."

"Nimeandika nilichoona. Mtu akizaliwa na pembe nitaandika pembe. Lakini maji safi yasiyo na hewa hayatoki mtoni, hayatoki kisimani, hayatoki popote."

Sajini aliketi juu ya kreti. Yunusi alipampu jiko la mafuta na kuinjika sufuria ya chai. Sajini aliitazama sufuria kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama. Maji hayajachemka bado, lakini pembeni na chini vilikuwa vimejitokeza vipovu vidogo kama mbegu za ufuta, vikiachia kimoja kimoja na kupanda juu.

"Hivyo ni nini?"

"Vipi?"

"Hivyo vipovu. Maji hayajachemka."

"Ni hewa tu, iliyokuwa ndani. Maji yakipata moto hewa inaha..."

Hakulimaliza neno. Wakatazamana. Yunusi akaacha majani ya chai koponi, akangoja maji yachemke sana, akajaza chupa yangali moto, akaiziba, akaiweka ndani ya karai la maji baridi. Walingoja ipoe, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko foleni ya kodi ya kichwa. Ilipopoa akatia dawa ya kwanza. Akatia ya pili.

Wingu likashuka chini taratibu. Jeupe kama ugali wa muhogo.

"Maji ya jikoni," Yunusi alisema kwa sauti ndogo. "Mtu kaniletea maji ya jikoni."

"Usilitoe hilo nje ya mlango. Nipe dawa zako mbili na chupa moja."

*

Kabla ya kumfuata mtu, Sajini alitaka siku. Chupa zilimwambia Februari. Mahakama ingetaka tarehe. Akateremka Kibungulo kwa miguu, akamkuta Bibi Veronika kwenye matuta yake ya kabichi kando ya kijito. Mama huyu wa miaka sitini alikuwa amemzika mjukuu wake wiki moja kabla.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Shikamoo, mama. Na pole tena."

"Marahaba. Pole nimekwisha pewa nyingi, baba, hata pa kuziweka sina. Mmekuja kuniuliza tena kama namjua Paulo?"

"Nimekuja kukuuliza maji."

Jembe likasimama. "Maji?"

"Kabla watu hawajaugua. Uliona siku kijito kimebadilika?"

"Si kilikuwa cheupe." Alisema kama anayetaja bei ya kabichi. "Nilishuka asubuhi na ndoo, nikakuta maji meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, yananuka hospitali. Nikarudi na ndoo tupu. Kesho yake weupe hakuna, lakini yakaanza kunuka vibaya kila siku. Tukayazoea. Mtu atakunywa nini?"

"Siku gani hiyo, mama?"

"Jumatano ya Majivu. Nilitoka misheni na msalaba kwenye paji. Nakumbuka kwa sababu kiu ilinibana, nikajiambia, hata hivyo leo ni mfungo."

Sajini alifungua kijitabu chake, ingawa hakuwa na haja. Majivu ya mwaka ule yaliangukia tarehe kumi na nane Februari. Paulo alikuwa na siku tisa Matombo, ananyolewa nywele za msiba mbele ya ukoo mzima.

"Mbona hukuwaambia askari walipokuja?"

"Wale?" Bibi Veronika alirudisha jembe ardhini. "Waliniuliza kama Paulo ni mlevi, kama Paulo ana wivu, kama Paulo ni mchawi. Hakuna aliyeniuliza maji. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na maiti ndani."

Sajini aliandika maneno yake yote, akamsomea, akamgusisha kidole gumba kwenye wino. Kisha akapanda tena njia ya kambini. Debe la lisoli lilikutwa kwenye stoo ya Paulo, na stoo ile ilikuwa na funguo mbili. Moja alikuwa nayo Paulo. Ya pili ilikuwa kwa Bwana Afya.

*

Nyumba ya Hatibu Semkiwa ilipakwa chokaa mpaka ukiitazama jua likiwaka unapiga chafya. Hatibu alikuwa hodari wa kazi yake, hilo halina ubishi. Alikuwa amewafundisha watu wa kambi na vijiji vitatu kuchimba vyoo, kuua mbu, kuanika vyombo kwenye kichanja. Na wimbo wake ulikuwa mmoja, chemsheni maji. Watoto walimwita Mzee Chemsha, yeye akijua.

"Karibu, Sajini. Karibu ukae. Chausiku! Mgeni."

Mkewe, mama mnene mchangamfu, alileta sinia lenye bilauri na chupa ya maji iliyojaa hadi shingoni na kuzibwa kizibo.

"Kunywa bila wasiwasi, shemeji," Chausiku alisema. "Nyumba hii haliingii tone lisilochemka. Nayatia chupani yangali moto, naziba papo hapo. Nzi aende kwao."

"Shemeji, usafi kama huu Mluguru hajapata kuuona."

"Mume wangu ndivyo atakavyo. Hata chupa zake za kazini, zile za vizibo vya kioo, mwezi wa pili aliniachia mimi nizijaze. Alisema mkono wangu hauna mchezo."

Hatibu alikuwa akitazama bilauri.

"Chausiku," alisema hatimaye, "nenda kamwangalie mtoto."

"Mtoto kalala."

"Nenda."

Alipokwisha kutoka, Sajini aling'oa kizibo cha ile chupa. Akajaza chupa ya Yunusi polepole, maji yakipanda bila kuchezacheza, mpaka yakafurika kwenye sinia. Akatia dawa ya kwanza. Akatia ya pili. Akaziba, akapindua, akaiweka katikati ya meza.

Wingu jeupe lilianza kushuka.

"Tarehe kumi na tisa," Sajini alisema. "Na ishirini na sita. Uliona zimegeuka hivi?"

"Niliziona."

"Ulizoea kahawia. Hukushangaa?"

Hatibu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeketi juu ya mwiba mbele ya wakwe. "Nilifurahi. Nilisema hizi ndizo safi kweli kweli. Miaka kumi na tano nafundisha watu, Sajini. Shuka nyeupe, ukuta mweupe, kanzu nyeupe. Nyeupe ndiyo safi. Ningejuaje?"

"Na mawe?"

"Palikuwa na mgeni mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam, Alhamisi. Paulo hayupo. Nikaenda kulitazama birika, nikakuta mawe yana ute, yanateleza, yananuka udongo. Nikaona haya. Mimi, Bwana Afya, nimwonyeshe mgeni uchafu ule? Jumatano alfajiri nikachukua debe la lisoli. Na mengine nikayasugua kwa mkono." Akaitazama mikono yake. "Mgeni alisema hajaona birika safi kama lile."

"Na maji?"

"Jioni ya Jumatano ile ile yalikuwa yameanza kunuka. Ndipo nilipojua nimefanya nini. Nikamuuliza Yunusi kama mfano, ukoga ukifa unarudi? Akasema unarudi, baada ya wiki kadhaa. Nikaona niombe wiki kadhaa. Nikaziomba kwa chupa, maji ya jikoni mahali pa maji ya birika."

"Kisha Paulo akarudi."

Hatibu aliishusha mikono chini ya meza.

"Tarehe tano Machi ulileta maji ya kweli, Bwana Afya. Kwa nini tarehe hiyo?"

"Kwa kuwa alikuwa amerudi." Alisema akiitazama chupa nyeupe. "Nikaona mlango umefunguka, nikapita. Debe nikaliweka stoo kwake. Hakuna aliyekuwa ameugua bado, Sajini, naapa. Nilidhani atafukuzwa kazi tu. Kisha wakaanza kufa, nikaenda kijijini nyumba kwa nyumba nikiwaambia, chemsheni, chemsheni..."

"Bibi Veronika hana kuni za kuchemshia. Anapanda mwendo wa saa mbili mlimani kufuata mzigo mmoja."

"Najua."

"Yeye alijua siku uliyoyaosha. Kutoka misheni, na majivu usoni."

Nje, Chausiku alikuwa ameanza wimbo wa chini chini, akifua. Sajini alitoa karatasi, akaikunjua juu ya meza, akaisogeza ile chupa nyeupe pembeni isilowe wino.

"Anza mwanzo. Tarehe kwanza. Sema polepole, mwandiko wangu si wa padri."

*

Bwana mkubwa wa polisi alisoma karatasi tatu zilizowekwa mbele yake: maneno ya Veronika, daftari la Yunusi, na maungamo. Alizisoma mara mbili. Akauliza kama chupa ilikuwa ya lazima, kuletwa ofisini. Sajini akasema ilikuwa ya lazima. Saini ya kumwachia Paulo ilitiwa saa kumi na moja jioni.

Mahabusu, Mzee Paulo alikuwa ameketi ukutani, magoti juu, kichwa kipara cha msiba kikianza kuota mvi. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Hakumtukana Hatibu. Hakumshukuru Mungu kwa sauti. Alinyanyua uso.

"Mawe yangu yanaendeleaje?"

Sajini hakutegemea swali lile. "Nimeyapapasa leo nikipita."

"Yanateleza?"

"Kwa mbali, mzee. Kwenye kivuli, upande wa mashariki."

Paulo aliitikia kwa kichwa muda mrefu. Kisha akashika ukuta, akasimama, akavuta blanketi la serikali na kulikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Twende basi kabla hakujaingia giza," alisema. "Yatahitaji wiki nne nyingine, na Kibungulo wanakunywa usiku huu."